Kabla ya kudai kivuko, mjue mtoto wako anavukia wapi

Songea. Saa 12:30 asubuhi, barabara kuu inayokatiza mjini Songea imeshachangamka. Malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga yanaelekea bandari ya Mtwara, bodaboda zinayapita pembeni, na watoto wa shule wameshikana mikono wakisubiri upenyo. Mzazi anayewatazama hujiuliza: kwa nini wasijengewe njia ya kupita chini ya barabara?

Hilo ni swali la afya. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kivuko cha chini kinaweza kujengwa bila kusimamisha magari. Mafundi huchimba nusu ya barabara huku magari yakitumia nusu nyingine, kisha hubadilisha upande. Au hujenga boksi kubwa la zege pembeni, halafu jeki zenye nguvu hulisukuma taratibu chini ya lami huku udongo ukichimbwa kwa mbele. Mjini Boston, Marekani, mahandaki yalisukumwa hivyo chini ya reli zenye treni, baada ya udongo kugandishwa ili usiporomoke.

Kazi nyingine ni kuhakikisha watu wanakitumia. Kivuko chenye giza na kona huogopwa, hasa na wasichana. Kwa Songea, ambako mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, bila mitaro mizuri kitageuka bwawa. Kinahitaji taa, mteremko mpole unaopitisha kiti cha magurudumu, na kiwe kimenyooka ili anayeingia aone anakotokea.

La muhimu zaidi ni mahali. Nchini Kenya, chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, kuna kivuko cha tembo kilichojengwa kwenye ushoroba unaounganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare. Tembo walianza kukitumia mara tu kilipofunguliwa, mwanzoni mwa 2011. Lakini kwenye barabara ya Thika, Nairobi, wapo watu wanaokatiza katikati ya magari ingawa kuna madaraja ya waenda kwa miguu, kwa sababu ngazi ni ndefu na daraja liko mbali na njia yao.

Kivuko cha chini ni ghali, lakini usalama hauanzii hapo. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, alama za pundamilia na njia za miguu karibu na shule za msingi, na majeraha ya watoto yakapungua kwa takriban robo. Mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019.

Mzazi, wiki hii fanya haya:

• Tembea na mwanao hadi shuleni, umwache yeye aongoze. Angalia anavukia wapi hasa.

• Mtoto wa chini ya miaka 10 asivuke barabara kuu peke yake. Bado hawezi kukadiria vizuri kasi na umbali wa gari.

• Linganisheni na wazazi wenzako, kisha pelekeni eneo hilo kwenye kamati ya shule na serikali ya mtaa, ili ombi la tuta na alama lifike Tanroads likiwa na mahali panapojulikana.

Siku kivuko kitakapojengwa, kijengwe hapo.