Wakali wa Bahari Kwenye Vilima vya Kola

Mji wa Atlanta, Marekani, hauna bahari. Kutoka pale hadi pwani ya Savannah ni kilomita 400 hivi kwa gari, mwendo usiopishana sana na wa mtu anayetoka Kola, kusini mwa mji wa Machakos, akashuka kulala Mombasa. Hata hivyo, Novemba 2005 Georgia Aquarium ilifungua milango ikiwa na tangi moja la lita milioni 23.8 za maji ya chumvi. Wakati ule hapakuwa na lingine kama hilo duniani, na ndani yake waliogelea papa shilingi walioletwa kwa ndege kutoka Taiwan. Maji yenyewe yalitoka kwenye mabomba ya mji, chumvi ikachanganywa papo hapo, mamia ya tani.

Kwa hiyo anayetaka tangi la samaki wakali wa baharini nyumbani kwake Kola asitishwe na umbali wa bahari. Kinachostahili kumtisha ni hesabu ya maji. Rekodi zilizokusanywa hapa, za ukubwa, ukali, kasi na hasara, zote zinarudi kwenye hesabu hiyo kwa njia moja au nyingine.

Maji mengi kuliko yote

Kwa jumla ya maji ya matangi yote, rekodi ya Atlanta haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 2014 Chimelong Ocean Kingdom ilifunguliwa Zhuhai, China, na ukijumlisha matangi yake yote unapata lita milioni 48.75. Mei 2023 ikaja zamu ya Abu Dhabi: tangi kuu la SeaWorld katika kisiwa cha Yas lina zaidi ya lita milioni 25. Lakini lile ambalo Wakenya wengi wamepiga picha mbele yake ni la Dubai Mall, la tangu 2008, lenye lita milioni 10. Ukuta wake wa akriliki una upana wa karibu mita 33, kimo cha mita 8.3 na unene wa sentimita 75. Huo unene ndio wa kuangaliwa. Anayesukuma ukuta wa tangi si samaki, ni kina cha maji. Tangi likiwa refu kama basi lakini la kina kifupi, kioo cha kawaida cha fundi kitavumilia. Likiwa fupi lakini la kwenda chini, kioo hicho hicho kitapasuka.

Sasa tuje Kola. Chukua tangi la mita 3 kwa mita 1, lenye kina cha sentimita 80. Hizo ni lita 2,400, yaani mitungi 120 ya lita 20. Punda mmoja hubeba mitungi minne kwa safari. Piga mwenyewe hesabu ya kupanda na kushuka. Maji hayo yakijaa yana uzito wa karibu tani mbili na nusu kabla hujaweka jiwe wala mchanga, kwa hiyo sakafu iwe ya zege iliyokaa juu ya ardhi, isiwe ghorofani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, basi pipa la lita 200 linataka kilo 7, na tangi zima kilo 84. Kisha kila wiki utoe sehemu moja ya kumi, lita 240, na kuirudishia mpya: mitungi 12 na kilo nane na kitu za chumvi, wiki nenda wiki rudi.

Na isiwe chumvi ya jikoni. Chumvi ya akwaria ina kalisi, magnesi na madini mengine ambayo samaki na mawe yenye uhai huyahitaji. Wala usidanganywe na visima virefu vya Ukambani ambavyo maji yake yana ladha ya chumvi. Chumvi ile ni ya miamba ya chini ya ardhi, vipimo vyake si vya bahari, na mara nyingine huja na floridi. Maji ya kisima hicho lazima yapite kwanza kwenye mtambo wa kuchuja chumvi, na mitambo midogo ya nyumbani humwaga lita mbili au tatu kwa kila lita moja safi inayotoa. Mahali ambapo jirani anapanga foleni ya mtungi mmoja, mabaki hayo yaelekezwe chooni au kwenye kuosha sakafu, la sivyo mwenye tangi atasemwa, na atasemwa kwa haki.

Wenyeji wenyewe wana rekodi yao ya maji. Kola ndiko kwenye mizizi ya kazi ya Joshua Mukusya, aliyeanzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, kikundi kilichokuja kujulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hukatishwa kwenye mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga mpaka ukuta ujae, na maji hubaki katikati ya chembe, yamefichwa na jua. Bwawa moja huhesabiwa kwa mamilioni ya lita. Matangi makubwa kuliko yote Kola, basi, hayana kioo wala samaki, na ukitaka kuyaona maji yake inabidi uchimbe kwa mikono.

Mkali kuliko wote

Samaki mkubwa kuliko wote duniani, papa shilingi, ndiye mpole kuliko wengi: hula viumbe vidogo vinavyoelea, na anayeogelea kando yake haonwi hata kama usumbufu. Ukali hauendi na kimo. Ukipima kwa kilo ya mwili, huenda taji likaenda kwa yule samaki mdogo mweusi mwenye madoa matatu meupe anayeishi kwenye miamba yetu, asiyezidi urefu wa kiganja, ambaye humfukuza mgeni aliyemzidi mara kumi. Maduka humuuza kwa bei ndogo kwa sababu hafi upesi. Mwenye tangi humnunua wa kwanza, na baadaye kila anayeletwa hukuta nyumba ina bwana.

Lakini kama ni mkali mmoja tu wa kuchagua katika pwani ya Afrika Mashariki, mimi nampa kikande. Kikande mkubwa hufika sentimita 75, na msimu wa kutaga hulinda eneo lenye umbo la faneli, jembamba chini kwenye kiota na pana juu. Mzamiaji anayekimbilia juu anazidi kubaki ndani ya eneo lake; wanaomjua huogelea kwenda kando. Meno yake huvunja kombe. Ndani ya tangi hupanga mawe upya apendavyo, na waya wa pampu ukimkera huutafuna.

Mtazame anapotishwa. Hujipenyeza kwenye ufa wa mwamba na kuinua mwiba wa kwanza wa mgongoni, kisha mwiba mdogo wa pili husimama nyuma yake kama komeo. Vuta upendavyo, hatoki. Ubonyeze ule mdogo wa pili, na wa kwanza unalala wenyewe.

Nduguye mdogo, kikande wa kijani mwenye mistari ya rangi ya chungwa, hufika sentimita 30 tu, na wafugaji wengi watakwambia ndiye mwenye roho mbaya kuliko wote wa ukoo huo. Cha ajabu ni kwamba roho mbaya hiyo ina kazi. Mtafiti Tim McClanahan, aliyechunguza miamba ya Kenya kwa miongo mingi, alionyesha kuwa samaki huyu ndiye mlaji mkuu wa wale viumbe weusi wa miiba mirefu wanaowachoma waogeleaji miguu. Anapovuliwa akaisha, wale wa miiba huongezeka na kuitafuna miamba mpaka inabaki kifusi. Hata ndani ya hifadhi zisizoruhusu uvuvi, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa 1968, kurudi kwake huchukua miaka mingi. Anayemtaka kikande huyu tangini afahamu kwamba anamtoa askari kazini, na amnunue kwa mvuvi mwenye leseni anayetumia wavu wa mkono, si kwa yeyote anayekuja na mfuko.

Mkunga naye anashika rekodi. Yule mkubwa kuliko wote kwa uzito hufika mita 3 na kilo 30, na mwaka 2007 watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walieleza jinsi mkunga anavyotumia taya za pili, zilizo kooni, ambazo husogea mbele na kuvuta windo ndani. Hata hivyo mbinu anayoijua zaidi mwenye tangi ni kutoroka. Mkunga hupita kwenye tundu ambalo ungeapa halitoshi panya, ukamkuta asubuhi sakafuni amekauka. Kifuniko chenye uzito, kilichofungwa, ni lazima.

Mwenye kasi si samaki hata kidogo. Ni kamba mmoja wa rangi za tausi anayepiga kwa mkono ulio kama rungu, na pigo lake limepimwa likifika mita 23 kwa sekunde. Huyu hakai na wenzake. Mpe tangi lake dogo peke yake. Na mwenye sumu kali kuliko samaki wote, samaki jiwe, yupo pia pwani yetu, amelala akifanana kabisa na mwamba. Sioni sababu ya kumweka nyumbani penye watoto.

Waliokaa, na walioshindikana

Papa mweupe ndiye aliyewashinda wengi. Kabla ya 2004 kila aliyewekwa tangini alikufa au kuachiliwa baada ya muda mfupi. Septemba mwaka huo Monterey Bay Aquarium ya California ilimwingiza jike mdogo, akakaa siku 198, rekodi ambayo haijavunjwa. Kilichomfanya arudishwe baharini Machi 2005 ni kwamba alikuwa amekua, na alikwisha kuua papa wawili waliokuwa naye, ndani ya tangi la karibu lita milioni 3.8. Monterey ilijaribu na wengine, jumla yao wakawa sita, kisha ikaacha mwaka 2011.

Seoul, Januari 2016, papa jike alimmeza papa mwenzake dume wakiwa katika tangi moja, polepole, kwa muda wa saa 21, mkia ukichungulia mdomoni mbele ya watazamaji. Hakuwa na njaa. Wasimamizi wa akwaria walisema alikuwa akipigania nafasi. Anayeamini kwamba kushibisha samaki ndiko kumtuliza na alifikirie hilo.

Kisa kisicho na mfano ni cha Sydney, 25 Aprili 1935. Papa aliyekuwa ameonyeshwa kwa umma siku chache tu katika akwaria ya Coogee alitapika mkono wa mtu wenye chale ya mabondia wawili. Madaktari walipouchunguza walikuta ulikatwa kwa kisu, haukung'atwa. Polisi wakaacha habari ya papa, wakaanza kutafuta muuaji.

Kwa hasara, hakuna aliyeifikia Berlin. Tarehe 16 Desemba 2022, yapata saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, mnara wa akriliki wenye lita milioni 1 za maji ya chumvi ulipasuka katika ukumbi wa hoteli. Samaki wapatao 1,500 walikuwamo, na karibu wote walikufa. Watu wawili walijeruhiwa. Ingekuwa saa nne asubuhi, ukumbi umejaa wageni, habari ingekuwa nyingine. Wataalamu walitoa dhana kadhaa, gundi ikiwa mojawapo, wasipate sababu moja ya uhakika. Mnara huo ulikuwa umefanyiwa ukarabati miaka michache tu kabla.

Na hasara iliyosambaa kuliko zote ilianza kidogo sana. Samaki simba, mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana kwenye maji ya Florida, na wanasayansi wengi wanaamini alitokea matangini. Leo yuko Karibi nzima, akila vitoto vya samaki ambao hawajajifunza kumwogopa. Kola haina hatari hiyo, mto wake ukiwa mchanga mtupu miezi mingi, lakini yule atakayempeleka samaki aliyemchoka mpaka Mombasa kumwachilia naye asifanye hivyo, kwa sababu ya magonjwa ya tangini.

Lita 2,400 zinatosha nani?

Jibu langu litawaudhi wauzaji: zinamtosha kikande mmoja mwenye mistari, au mkunga mmoja wa jamii ndogo na samaki simba wawili. Chewa mdogo dukani ana urefu wa kidole. Chewa mkubwa kuliko wote hufika mita 2.7 na kilo 400. Pima tangi kwa samaki atakavyokuwa akikomaa. Ukitaka kuchanganya, mpole aingie kwanza, mkali aingie mwisho, na wiki kadhaa zipite katikati ili kila mmoja apate ufa wake wa kulala.

Kabla ya yeyote kuingia, tangi lizunguke bila samaki kwa wiki nne hadi sita. Wala nyama huchafua maji haraka, na bakteria wa kuigeuza amonia lazima wawe wameshaota kwenye mawe. Kichuja povu kiwe kikubwa kuliko kinavyopendekezwa. Usiku wa Julai Kola hushuka baridi ambayo samaki wa pwani hajawahi kuijua, basi hita ziwe mbili, kila moja iweze kubeba nusu ya kazi, moja ikiungua nyingine izuie maji yasipoe ghafla.

Halafu stima. Ikipotea usiku, pampu husimama na hewa ndani ya maji huanza kupungua, na mkubwa mkali ndiye anayeihitaji zaidi. Pampu ndogo za hewa za betri huwashwa mara moja. Sola yenye betri nzuri itaendesha pampu moja ya mzunguko mpaka kuche. Vitu hivyo vinunuliwe na kujaribiwa kwa kuzima swichi kuu usiku mzima, tangi likiwa bado lina maji na mawe tu.