Mkunga anahitaji njia mbili



Hapa Arlington unapita mto Trinity, uliofungwa huko chini na bwawa la Livingston (1969). Tana yetu ina mabwawa matano, tangu Kindaruma (1968) mpaka Kiambere (1988). Mkunga wa mtoni huzaliwa baharini, hukulia mtoni, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Akiwa mdogo, ukimwekea mfereji wa mteremko wenye brashi na maji kidogo, anapanda mwenyewe. Kasheshe ni kushuka: mkubwa hukatwa na turbini, asipowekewa wavu wa kumzuia na njia ya pembeni. Kwa hiyo jamani, tukijenga ngazi peke yake tunamkaribisha mgeni nyumba isiyo na mlango wa kutokea. Umeme tunauhitaji, lakini wahandisi wetu wadaiwe njia zote mbili.

Nawasilisha.