Kanda za video zatuozea makabatini

Kila mwaka sisi walimu wa Kiswahili husimama mbele ya wanafunzi tukawahimiza wakusanye ngano, nyimbo na vitendawili kutoka kwa wazee wao. Huwaambia kwamba fasihi simulizi huhifadhiwa kwa kuandikwa, kwa kurekodiwa katika kanda za sauti na kwa kunaswa katika video. Wanafunzi huyanakili hayo daftarini, na siku ya mtihani huturudishia kama walivyoyapokea. Lakini ni wangapi miongoni mwetu tuliowahi kuwaambia kwamba kanda nayo hufa?

Mimi sikuwaambia, maana nilikuwa sijui. Nilijifunza kwa gharama ya sauti ya bibi yangu.

Mnamo Agosti 1993 kulikuwa na harusi kwetu Malindi. Mpiga picha tuliyemkodi alikuja na kamera kubwa ya kubebwa begani, iliyotumia kanda za VHS za saa tatu. Shughuli ilipomalizika, kanda ilikuwa na nafasi iliyosalia, na maadamu ilikwisha kulipiwa, tulimwomba asiiache bure. Akaielekeza kamera barazani, alikokuwa ameketi bibi huku wajukuu wamemzunguka. Bibi akaanza kwa "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Alisimulia ngano tatu usiku ule. Mbili kati ya hizo sijazikuta katika kitabu chochote hadi leo. Bibi alifariki mwaka 1997.

Mwaka 2009 niliipeleka kanda ile dukani ihamishiwe kwenye diski ya DVD. Nilitozwa shilingi 1,500, fedha ambazo kwa mwalimu mwenye karo za kulipa si haba. Nilitazama mwanzo wake, nikamwona biarusi akiingia, nikaridhika, nikawagawia jamaa nakala. Kanda yenyewe niliisukuma nyuma ya kabati, na sitajisifu kwamba ilikuwa busara. Ulikuwa uvivu wa kuitupa tu.

Mwaka 2018 nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha pili jinsi fanani anavyoishirikisha hadhira. Ndipo nilipong'amua kwamba diski ile inakoma ghafla wageni wangali wanakula pilau. Bibi hamo. Nilirudi dukani mbio.

"Mwalimu, sahani ilijaa," fundi alinijibu, kana kwamba naulizia maji ya mtungi.

Haki isemwe, hakunidanganya. Diski ya kawaida ya DVD ina nafasi ya gigabaiti 4.7, nayo huchukua picha za takriban saa mbili kwa ubora wa kuridhisha. Kanda yangu ilikuwa ya saa tatu. Angeweza kutumia diski mbili, au walau kuniuliza. Lakini hata mimi ningeitazama diski hadi mwisho siku ile ile, nisingekaa miaka tisa nikidhani kwamba nimemhifadhi bibi.

Nilipoitoa kanda kabatini, niliona kupitia kidirisha chake utando mweupe kwenye ukingo wa utepe. Ulikuwa ukungu. Sisi wa pwani twaujua jinsi unavyokula vitabu na viatu, sembuse utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku kwa gundi inayofyonza unyevu wa hewa. Ukungu huo si wa kuchezewa, kwani hudhuru mapafu, na ukiiingiza kanda yenye ukungu ndani ya deki, vichwa vya deki huchafuka na kila kanda itakayofuata huambukizwa. Niliianika kivulini mahali pakavu kwa siku kadhaa, kisha nikaifungua nje ya nyumba nikiwa nimejifunga kitambaa puani, nikaupangusa utepe polepole kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi mbili.

Ilibaki deki. Hapo pana ugumu ambao hauna budi kuzidi mwaka baada ya mwaka. Funai ya Japani, ambayo ilijulikana kuwa kampuni ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha kuziunda mwezi wa Julai 2016. Zilizopo ni zilizopo. Yangu niliiazima kwa jirani aliyekuwa ameifunika kitambaa cha kudarizi na kuweka maua ya plastiki juu yake. Nilisafisha vichwa vyake kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, kwa kuwa nyuzi za pamba huweza kunasa kwenye vichwa hivyo na kuviharibu. Nilivunja kijipande cha plastiki mgongoni mwa kanda ili isije ikarekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Kisha niliipeleka kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha mwanzo kabla ya kuicheza, ili utepe ulioshikana uachiane.

Kifaa cha kuunganishia deki na kompyuta nilikinunua kwa bei isiyofikia ile niliyolipa dukani mwaka 2009. Waya wa manjano hupitisha picha, mweupe na mwekundu hupitisha sauti. Programu za kurekodia zipo za bure, na OBS ni mojawapo. Jambo moja lilinisumbua jioni nzima: picha ilitokea nyeusi na nyeupe, tena ikiviringika. Kumbe programu ilikuwa imewekewa NTSC, mfumo wa Marekani, ilhali kanda zetu za Kenya ni za mfumo wa PAL. Nilipobadilisha, rangi za leso zilirejea zote. Kazi hii haina njia ya mkato, msomaji. Kanda ya saa tatu hudai saa tatu.

Nayasema haya kwa sababu naijua stoo ya shule. Mna maboksi ya kanda za tamasha za muziki na drama, za sherehe za kutoa zawadi, za walimu wakuu waliokwisha kustaafu au kufariki. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, mwaka 2025 ukitajwa kuwa ukomo wa kuziokoa kwa urahisi. Mwaka huo umekuja. Sioni kwa nini chama cha Kiswahili cha shule, chenye kompyuta moja na deki ya kuazima, kisiweze kuokoa kanda moja kila wikendi. Wala wasikomee kwenye diski, kwani ile yangu ya 2009 sasa yagoma kusomeka, na kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuitia. Faili na ziwekwe mahali pawili au patatu, moja likiwa mbali na shule, na kanda yenyewe isitupwe.

Bibi nilimpata. Ngano mbili za kwanza ni nzima, ingawa picha yatetemeka kwa chini. Ya tatu ina pengo la dakika kama nne, pale ukungu ulipokula utepe. Sauti yake huzama katika mvumo, kisha huibuka sungura amekwisha kuingia kisimani, na watoto wanacheka. Nimewauliza binamu zangu waliokuwa barazani usiku ule ni nini kilichomtia kisimani. Kila mmoja ananijibu lake.