Risasi: Yatoboa au Yaponda?

Neno "bunduki" tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwako kabla ya baruti. Bunduq kwanza ni tunda dogo lenye ganda gumu. Kisha likawa jina la kitonge cha udongo mkavu, ambacho wawindaji wa zamani walikirusha kwa upinde ili kuwaangusha ndege. Silaha za moto zilipokuja, jina likahamia huko. Nalo neno "risasi" ni jina la madini yenyewe. Kwa hiyo msomaji asistaajabu kuona kwamba vitabu vya fikihi vilitoa hukumu juu ya bunduq kabla ya bunduki kujulikana, na kwamba hukumu hiyo ingali inawahusu Waislamu wawindao leo.

Hapa kwetu Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini ndugu zetu wengi wamehamia Marekani, ambako ayala, yule mnyama wa jamii ya paa ambaye pembe zake zenye matawi hudondoka na kuota upya kila mwaka, huwindwa kwa leseni. Mmoja wa vijana wetu walioko huko ameniuliza: je, ayala aliyeuawa kwa bastola, tena kwa risasi aliyoitengeneza mwindaji mwenyewe, ni halali? Swali hili halijibiki mpaka kwanza tuujue ufundi wenyewe.

Bastola wanayoitumia ni ile yenye gurudumu la vyumba vya risasi, vya aina iitwayo magnum, yaani "kubwa" kwa Kilatini. Magnum ya .357 ilitolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1935. Ile ya .44, ipendwayo zaidi na wawindaji wa ayala, ilitokea baina ya mwisho wa 1955 na mwanzo wa 1956, na aliyeipigania sana ni mwindaji na mwandishi Elmer Keith wa jimbo la Idaho, aliyefariki mwaka 1984. Kwa miaka mingi Keith alikuwa akijijazia risasi mwenyewe, akitafuta nguvu ambazo viwanda havikuwa vikizitoa.

Kazi yenyewe hufanywa mezani, kwa mashine ndogo ya mkono. Ganda la shaba ya manjano lililokwisha kutumika halitupwi. Fataki iliyokufa hung'olewa, ganda likarudishwa kwenye kipimo chake ndani ya kalibu ya chuma, fataki mpya ikatiwa. Baruti hupimwa kwa mizani ya punje, na punje moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Kisha risasi hukalishwa mdomoni, na mdomo wa ganda ukabanwa kwa nguvu. Kubana huku si pambo: teke la bastola huweza kuzivuta mbele risasi ambazo bado hazijapigwa, zikajitokeza na kulizuia gurudumu lisizunguke. Na anayetia baruti mara mbili katika ganda moja kwa kupitiwa aweza kuipasua bastola mkononi mwake. Ndiyo maana mjazaji mwenye akili hafuati kisio lake, bali hufuata vipimo vilivyochapishwa, wala hazungumzi na mtu akiwa mezani.

Lakini kwa swali letu, jambo kubwa ni umbo la risasi. Risasi ya .44 ina upana wa karibu milimita 11, na ya kawaida huwa na uzito wa punje 240, yaani gramu 15 na nusu. Hutoka kwa kasi ya kiasi cha mita 400 kwa sekunde. Keith aliitaka yake iwe na pua bapa na bega lenye ukingo mkali, iliyosubuwa kwa risasi iliyochanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Risasi ya namna hiyo hukata tundu kamili na kupenya mbali. Ziko nyingine zenye shimo puani, ambazo hupanuka zinapoingia mwilini.

Sasa turudi kwenye sheria. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Na katika hadithi ya Adi bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya fimbo ya kuwindia. Ikipenya, mnyama huliwa. Ikimpiga kwa ubavu wake akafa, haliwi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj anaihesabu bunduq pamoja na vitu viuavyo kwa uzito, na kilichouawa nacho hakiliwi. Lakini yeye alikuwa akisema juu ya kitonge cha udongo. Kuhusu risasi ya baruti, wanavyuoni wa baadaye walikhitilafiana. Wako walioifuatisha na kitonge, kwa kuwa haina makali. Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliihalalisha kwa hoja kwamba yatoboa.

Mimi si mufti, na kijana wetu namwelekeza kwa masheikh wake. Lakini sisi wa pwani ni Mashafii, na kuna njia ya kutoka katika khitilafu ambayo kila upande unaikubali: kumdiriki mnyama angali hai, ukamchinja. Basi ufundi ule wa mezani una faida hapa. Mwindaji apime sawasawa, achague risasi ipenyayo, asipige mbali kuliko shabaha yake ilivyo, atamke Bismillahi, kisha aende upesi na kisu kikali. Akimkuta mnyama ametumbukia majini na amekufa, amwache, kwani hajulikani aliuawa na risasi au na maji. Hilo nalo limo katika hadithi ya Adi.

Mwenye kujaza risasi kwa pupa humtesa mnyama, na huenda akajikosesha nyama. Mizani ile ya punje humfaa kwa yote mawili, usalama wa mkono wake na uhalali wa chakula chake.