Kayumba au Praiveti? Ugomvi Uliotaka Kuvunja Nyumba Yangu

Simu iliita saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa kwenye kikao cha kupanga kurasa za mwezi. Namba ngeni. Nikaipuuza. Ikaita tena. Nikatoka nje kupokea, na sauti niliyoisikia ikanikata maini.

"Mama, nimerudishwa. Wenye madeni tumezuiwa getini. Wenzangu wanaingia kwenye mtihani."

Alikuwa binti yetu wa kwanza, kidato cha kwanza katika shule moja ya binafsi hapa Dodoma. Simu alikuwa ameazima kwa dereva wa bodaboda. Deni letu lilikuwa shilingi 475,000. Siku hiyo kwenye akaunti yangu mlikuwa na shilingi 62,000, na mshahara ulikuwa umebakiza siku tisa.

Msomaji, usinihurumie. Aibu ile tuliitengeneza wenyewe, mimi na mwenzangu, tukiwa na akili zetu timamu na digrii mbili ndani ya nyumba. Nakusimulia kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna mtoto wa darasa la sita au la saba, na swali hili liko njiani linakuja.

TULICHAGUA KWA MACHO YA WATU

Mwenzangu ni mtoto wa Dodoma. Alirudi nyumbani na wizara yake mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahamia huku, nami nikamfuata kutoka Dar es Salaam mwaka uliofuata. Tukapanga Majengo, jirani na soko, mahali ambapo mikokoteni inakuamsha kabla ya adhana. Kiwanja tukanunua nje ya mji, nyumba ikafika kwenye lenta, ikasimama hapo.

Binti yetu alisoma msingi shule ya serikali. Alifaulu vizuri, akapangiwa sekondari ya kata, ya kutwa, dakika ishirini kwa mguu kutoka nyumbani. Sikufurahi hata kidogo. Roho yangu ilikuwa Msalato, shule ya serikali ya wasichana wenye vipaji maalumu iliyoko hapa hapa Dodoma, ile inayotajwa pamoja na Kilakala, Ilboru, Kibaha na Mzumbe. Lakini nafasi zake ni chache na ushindani ni wa nchi nzima.

Sasa niambie ukweli: ningesimama vipi kwenye kicheni pati, nikaulizwa "mwanao kaenda wapi?", nikajibu "Kayumba"? Watoto wa wenzangu wa ofisini wote wako praiveti. Mimi ni mhariri, mume wangu ni mtumishi. Nikamwambia mwenzangu, "Baba, mtoto hawezi kwenda kule. Kiingereza kitamshinda." Akajibu, "Usijali mama watoto, hela itapatikana."

Hesabu tukapiga ya mwaka mmoja tu. Ada 1,900,000. Basi la shule 540,000. Sare, vitabu na vikorokoro vingine 360,000. Jumla 2,800,000. Tukaona tutajikaza. Hatukuizidisha hiyo namba mara nne. Tungeizidisha tungepata 11,200,000, na tungekumbuka pia kwamba ana wadogo zake wawili nyuma.

USIKU WA SIRI MBILI

Jioni ya siku ile ya getini chakula kilipoa mezani.

"Wewe ndiye uliyetaka praiveti," akasema.

"Na wewe ndiye uliyesema hela itapatikana!"

Basi bwana, yakaanza kutoka yaliyofichwa. Kumbe awamu ya kwanza ya ada aliilipa kwa mkopo wa SACCOS, na makato yalikuwa yanamtafuna kila mwezi bila mimi kujua. Nami nilikuwa na langu. Fedha niliyoahidi kwa awamu ya pili nilikuwa nimemtumia mdogo wangu aliyekwama chuo. Sikumwambia. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake awe mkombozi, na wote wawili tulikuwa watupu.

Tulisemezana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ghafla tukamwona binti amesimama mlangoni, kajifunga khanga, macho yamemvimba.

"Baba, mama, nirudisheni kule nilikopangiwa. Rafiki zangu wote wako kule. Mimi sikuwaambia mnipeleke huku."

Kimya kikatanda. Hivi kweli, katika vikao vyetu vyote vya usiku, nani alimuuliza mwenye kwenda shule?

BABA MKWE ANACHEKA

Jumapili tukaenda Mvumi kumsalimia baba mkwe. Mwenzangu akamsalimu kwa "mbukwenyi", mimi nikapiga goti na shikamoo yangu. Mzee alipopata mkasa mzima, akacheka hadi akakohoa.

"Wanangu, dunia imegeuka. Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari ya serikali mwaka 1974. Kijiji kizima kilinisindikiza. Praiveti walikwenda waliokosa nafasi. Ulikuwa ukisema unasoma praiveti, watu wanakuonea huruma."

Mzee hakutia chumvi. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule nyingi za misheni na za watu binafsi. Hata St. Francis ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu kwa ajili ya siasa, ikawa Sekondari ya Pugu, ya serikali. Nafasi zilikuwa haba kupita kiasi, kwa hiyo aliyezipata alikuwa mteule. Aliyekosa, mzazi wake akiwa na uwezo, alikwenda kulipia.

Mambo yaligeuka taratibu. Milango ya shule binafsi ilifunguliwa upana zaidi kuanzia miaka ya tisini. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, wa mwaka 2004 hadi 2009, na shule za kata zikaota nchi nzima. Ilikuwa hatua kubwa: watoto waliokuwa wanaishia la saba wakapata pa kwenda. Lakini majengo yalitangulia, walimu, vitabu na maabara vikachelewa. Yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, mwezi Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Serikali iliyafuta na kuyapanga upya baadaye mwaka huo, ila hofu ilishaingia kwa wazazi. Nadhani wengi wetu bado tunachagua shule kwa hofu ile ya 2013.

Januari 2016 ada ikafutwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa bweni. Mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita pia. Wanafunzi wakajaa, na madarasa nayo yakajaa.

SOMA MATOKEO KAMA MFANYABIASHARA

Tuliporudi nilikaa na kompyuta, nikafanya kazi niliyotakiwa kuifanya mwaka mmoja kabla. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwezi Januari 2023. Lakini matokeo ya kila shule yanawekwa kwenye tovuti yake, mtihani wa kidato cha pili na wa kidato cha nne. Wazazi wengi wanaangalia "divisheni wani" ngapi, wanafunga. Usifunge. Fanya hivi.

Chukua shule unayoitaka. Tazama waliofanya kidato cha pili walikuwa wangapi. Kisha tazama darasa lile lile miaka miwili baadaye, kidato cha nne, wamebaki wangapi. Tuseme walikuwa 90, wakabaki 61. Hao 29 wamekwenda wapi? Wengine walihama na wazazi wao, sawa. Lakini zipo shule zinazomwambia mzazi amhamishe mtoto asiyefikia wastani, ili siku ya matokeo wabaki wanaong'ara tu. Shule ya namna hiyo imechuja. Kama imefundisha, hizo divisheni wani haziwezi kukuambia. Shule ya kata haichagui wa kumpokea: inapokea kila aliyepangiwa.

Pili, angalia somo kwa somo. Hisabati ni donda la nchi nzima. Mwaka 2023 waliofaulu somo hilo kidato cha nne walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Ukikuta shule, iwe ya kata au ya kulipia, ambayo nusu ya watoto wake wanafaulu hisabati, jua pale yupo mwalimu. Kimbilia huyo mwalimu. Rangi ya basi haitakusaidia.

KULE TULIKORUDI

Tuliomba uhamisho. Barua, mihuri, wiki tatu za kuzunguka ofisi. Januari binti akaanza kidato cha pili kwenye shule ile ile tuliyoikimbia.

Sitakudanganya kwamba ni peponi. Darasani wako zaidi ya sabini. Fizikia walikaa karibu muhula mzima bila mwalimu. Bila ada si bila gharama: kuna chakula cha mchana, sare na madaftari, na tunamlipia tuisheni ya hisabati na fizikia, 60,000 kwa mwezi. Ruzuku ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo mwalimu mkuu anapoitisha kikao cha wazazi ninaenda, ninasikiliza, na nikiguswa ninachangia.

Kiingereza nilichokiogopa? Kilimsumbua, kama kinavyomsumbua kila mtoto anayetoka kusoma kwa Kiswahili miaka saba na kukutana na karibu kila somo kwa Kiingereza. Tukaweka utaratibu: baada ya chakula cha jioni anamsomea baba yake kurasa mbili za kitabu chochote, halafu anaeleza alichoelewa. Ile saa moja ya basi la shule tumeipata nyumbani. Mtihani wa kidato cha pili alipata daraja la pili. Huko alikotoka angepata zaidi? Labda. Sijui. Ninachojua ni kwamba halali tena akiwaza geti.

Na nyumba imeezekwa.

LAKINI USINIIGE KAMA KASUKU

Rafiki yangu mmoja, tunakutana sokoni Majengo kila Jumamosi kwenye mchele, alifanya kinyume changu, na alifanya sawa. Kijana wake alipangiwa shule iliyo mbali na nyumbani, kwenda tu ni daladala mbili. Alikuwa anafika darasani kachoka, akaanza kukwepa vipindi, akaokota makundi. Mama mtu anaishi peke yake na anatoka kazini saa moja usiku. Akauza pikipiki yake, akampeleka bodingi ya shule binafsi ya kawaida, isiyo na jina kubwa. Huko kuna ratiba, kuna walimu wanaokaa shuleni, kuna prepo ya usiku. Kijana ametulia. Alichonunua yeye ni usimamizi ambao nyumbani haukuwepo, na bei yake aliijua hadi kidato cha nne kabla hajalipa senti.

Mimi nilinunua jibu la kutoa kwenye kicheni pati.

KABLA HAMJALIPA, KAENI WAWILI MJIULIZE

1. Jumla ya miaka minne ni shilingi ngapi, ikiwemo usafiri, sare na safari za masomo? Zidisheni, andikeni chini.

2. Hela hiyo inatoka wapi? Mshahara, mkopo, au matumaini? Kila mmoja aseme madeni yake yote, hata yale ya aibu.

3. Mmoja wenu akikosa kazi miezi sita, mtoto atabaki shuleni?

4. Shule inafanya nini mzazi akichelewa ada? Ulizeni kabla, na ombeni jibu la maandishi.

5. Kila somo lina mwalimu, au kuna masomo wanafunzi wanajifundisha? Waulizeni wanafunzi wenyewe mkikutana nao njiani wakitoka.

6. Nani atakuwepo nyumbani jioni? Shule ya kutwa inahitaji mzazi wa jioni.

7. Mtoto mwenyewe anasemaje? Msimwachie aamue peke yake, ila mumsikie kabla hamjaamua.

Mtoto wetu wa pili yumo katika kundi litakalomaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, kwa utaratibu mpya wa elimu, pamoja na watangulizi wao wa darasa la saba. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Nafasi zitagombewa, za kulipia na zisizolipiwa.

Safari hii tumeanza mapema. Juzi usiku mwenzangu alitoa daftari, akaandika juu "2028", akachora mistari miwili: chake na changu. Akaandika mshahara wake, halafu mkopo wa SACCOS uliobaki, mpaka senti. Akanisogezea kalamu.

Nikaandika wa kwangu. Wote.