Homa inayolala udongoni huamshwa na mafuriko

Mfugaji wa Elwak akimwona kondoo wake anayumba huku damu ikimtoka puani, huenda akakimbilia kisu. Akichelewa, mnyama atakuwa mzoga, na mzoga ni haramu. Lakini damu itakayomrukia mikononi inaweza kumlaza kitandani, au hata kumuua.

Ugonjwa huo ni Homa ya Bonde la Ufa. Wasomali huuita 'sandik', yaani damu ya puani.

Katika nchi za baridi kali kama Siberia, wataalamu wanahofu kwamba joto la dunia likiyeyusha udongo ulioganda, gesi ya redoni, ambayo huleta saratani ya mapafu, itapata njia ya kutoka. Elwak hakuna barafu, lakini udongo wake nao umeficha hatari. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kando ya madimbwi, na mayai hayo hudumu katika udongo mkavu kwa miaka. Mafuriko yakija huanguliwa, na baadhi ya mbu huzaliwa wakiwa tayari na virusi.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 1997, mvua za El Nino zilipoifurika Garissa. Watu wapatao 27,500 wilayani humo walikadiriwa kuambukizwa. Homa ilirudi Garissa mwishoni mwa 2006, na kufikia Machi 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini. Mwishoni mwa 2020 ilizuka Isiolo na Mandera, kaunti ya Elwak yenyewe. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo mvua za mafuriko zinatazamiwa kuongezeka.

Mifugo hutangulia

Uchunguzi wa mlipuko wa 2006 ulionyesha kwamba mbu walitanda wiki tatu hivi baada ya mvua kubwa kuanza. Baada ya wiki mbili na ushei mifugo iliugua, na muda kama huo ulipopita, binadamu wakafuata. Wafugaji waliitambua hatari kabla ya maofisa.

Dalili kuu ni kondoo na mbuzi wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na wanakondoo kufa. Ukiona hivyo, mjulishe daktari wa mifugo mara moja. Usichinje wala kula mnyama mgonjwa. Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Chemsha maziwa na ulale ndani ya chandarua. Chanjo ya mifugo ipo, lakini itolewe kabla ya mlipuko.

Kwa binadamu, homa huanza ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa na misuli. Wengi hupona. Wachache hupoteza uwezo wa kuona, huvimba ubongo au hutokwa na damu, na hadi nusu ya wanaotokwa na damu hufa. Usingoje, nenda hospitali mapema.

Kupoteza kondoo ni uchungu kwa mwenye zizi dogo, hasa baada ya ukame. Hata hivyo, weka kisu chini.