Kutu ya ndani: baiskeli yangu na ndege ndogo

Wadau, wiki iliyopita fremu ya baiskeli yangu ilikatika hapa Kizota. Nje rangi inang'aa! Fundi wa kuchomelea alipolikata bomba, kumbe ndani kutu tupu. Nikakumbuka ndege.

Piper Super Cub, zile za viti viwili zinazoruka doria ya majangili Tsavo, Kenya, mifupa yake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa. Ukuta wa bomba sehemu nyingi haufiki milimita moja. Kwenye kiungo, katundu ka ncha ya sindano kanatosha. Mchana wa joto hewa inatoka, usiku wa baridi inaingia na unyevu wake (baridi ya Juni hapa Dodoma si mnaijua?). Maji yanashuka hadi chini kabisa: mkiani, na mwisho wa mihimili ya mbawa. Mwaka 1993 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliamuru mihimili ya Piper ikaguliwe kila miezi 24, maana mhimili ukikatika angani, bawa linaondoka.

Dawa ya zamani wala si ghali: mafuta ya mbegu za kitani. Unatoboa, unamimina ya moto, unageuzageuza bomba, unamwaga yaliyobaki, unaziba kabisa. Yanakauka na kuwa ngozi nyembamba.

Fundi wangu alitaka kumimina oili kabla ya kuchomelea. Nikakataa, mafuta yanaharibu kiungo. Akachomelea kwanza, ndipo tukamimina.